Ukimfahamu Mgonjwa, Inua Mkono

Siku walipokutana, mwanamke alimshika mwanamume kiuno kabla hata ya kumsalimu, tena sokoni, Jumamosi, watu wamejaa. Tulieni kwanza, msianze. Mwanamke ni daktari, na mwanamume alikuwa chini analia.

Mbele ya duka la magodoro, kijana mrefu mwenye shati la njano alikuwa amebeba ndoo ya maji. Ghafla akashika mgongo, akapiga ukelele, ndoo ikaenda huko na yeye huku, akaanguka chali. "Mgongo wangu! Jamani nakufa, mgongo!" Wenyeji wa pale wakaanza kucheka. Mwanamke hakuwa mwenyeji. Alikuwa anapita tu na mfuko wake wa nyanya, gauni la buluu limemkaa vizuri mwilini, nywele kazibana nyuma kwa haraka kama mtu asiye na muda wa kioo. Aliposikia "nakufa", mfuko akautupa. Akapenya umati kwa viwiko, akapiga magoti, mkono mmoja kiunoni kwa kijana, wa pili unainua mguu.

"Aa! Dada! Taratibu!"

"Kimya. Kunja goti."

"Dada, mimi..."

"Nimesema kunja. Vidole vya mguu unavisikia? Mkojo unatoka vizuri?"

Hapo umati ukaangua kicheko, na mwenye duka akatoka mbio mikono juu. "Mama, muache! Huyo mzima kuliko mimi! Ananitangazia magodoro, sasa hivi alikuwa apande kwenye godoro apone!"

Mwanamke akasimama, magoti yana vumbi, uso umemwiva kwa aibu na hasira. Wengine wangeondoka kimya kimya. Yeye akampa kijana vidonge vyake palepale.

"Kwanza umeigiza vibaya. Mwenye mgongo haanguki chali, anajikunja. Na hana pumzi ya kupiga kelele namna hiyo. Anayeumwa kweli hata hewa anaivuta kwa kuiba."

"Kumbe!" Kijana akajifuta maji usoni, akacheka. "Haya, nimekosa. Lakini na wewe, dada, umenishika kiuno kizima, umeniuliza mpaka mkojo, jina langu hujaniuliza. Huko kwenu daktari habishi hodi?"

Alisema kwa utani. Hakujua kwamba amegusa kidonda, maana mwanamke aliinama kuokota nyanya zake, hata zilizopondeka. Kijana akaacha kucheka, akainama kumsaidia.

Kidonda chenyewe kilikuwa hiki. Mwanamke huyu alisomea udaktari ng'ambo, kwa lugha aliyojifunzia huko huko. Darasani aliimudu. Wodini wagonjwa walimcheka lafudhi, wengine wakamwomba arudie, wengine wakamgeuzia kisogo. Basi akajifunza kufunga mdomo na kuiacha mikono ifanye kazi. Mikono ikawa hodari kweli; akigusa tumbo, tumbo linasema lenyewe. Akarudi nyumbani na shahada yake, na baraza la madaktari likamwambia kama linavyowaambia wote: uliyesoma nje, karibu ufanye mtihani wetu wa leseni.

Wa kuandika aliufanya akashangiliwa. Wa vitendo ukamkalia kooni. Huo ni wa vyumba: kila chumba kina mtu anayeigiza mgonjwa, mtahini kwenye kona na kalamu yake, na kengele ya kukutoa. Humo kuna alama za kubisha hodi, za kutaja jina lako, za kuomba ruhusa kabla ya kugusa, za kumweleza mgonjwa unachofanya. Yeye aliingia, akagusa, akaupata ugonjwa, akatoka. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Uliobaki ulikuwa wa tatu, na kanuni ya baraza haina huruma: ukianguka wa tatu, faili lako linafungwa, udaktari uusikie redioni.

Mtaani walimbandika jina la Dokta Bado. Nani asiyejua watu? "Umeshapata leseni?" "Bado." "Na mwaka huu?" "Bado." Mchana aliandikisha wagonjwa mapokezi kwenye zahanati ya mtu, akiwatazama wanaingia kwa daktari mwenye leseni. Jioni alirudi kwa mama yake, fundi cherehani, ambako shangazi yake alikuwa haishi kuja.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi mimi si mshindani, shangazi. Mimi ni daktari."

"Yule mjane wa duka la saruji bado anakuulizia. Mwanamume ana saruji, ana mabati, ana misumari, kilichobaki ni mke tu!"

"Ajenge kwanza, shangazi. Mke atakuja kukagua."

Huyo ndiye Dokta Bado. Na kijana wa magodoro, ambaye soko zima lilimwita Mgongo, alipoyasikia yote hayo wamekaa kwenye ngazi za duka wanakunywa soda, hakusema pole. Alisema, "Kwa hiyo unahitaji mgonjwa wa kuigiza. Na mimi nahitaji mtu wa kunifundisha kuumwa. Tunangoja nini?"

Wakaanza. Kila alasiri, akitoka mapokezini, Mgongo alikuwa amefika kwenye chumba cha cherehani, amelala juu ya benchi la kukatia vitambaa. Siku moja ni babu kiziwi. Siku nyingine ni mlevi. Siku moja alijitia mto tumboni akawa mama mjamzito, mpaka mama mtu akaacha kushona akakaa chini kwa kucheka. Mama ndiye alikuwa mtahini. Muda ukiisha anagonga mkasi kwenye chuma cha cherehani, ngong!

"Hodi."

"Karibu, daktari."

"Habari yako? Naitwa... mimi ni daktari wa zamu. Naomba ruhusa nikupime tumbo."

"Sikupi."

"Hee! Kwa nini?"

"Mikono ya baridi hiyo. Isugue kwanza."

Akaisugua, huku anacheka. Mwanzoni maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayetoa mwiba. Baadaye yakazoea njia. Alianza kuuliza mambo yasiyokuwemo kitabuni: unalala na nani, nani anakupikia, unaogopa nini. Alasiri moja mama alikuwa ametoka kununua uzi, na Mgongo akakaa kwenye benchi, kashika goti lake mwenyewe, sauti imeshuka.

"Daktari, na mimi naomba ruhusa. Nikushike mkono."

"Hilo halimo kwenye mtihani."

"Najua."

Akampa mkono. Mama aliporudi aliwakuta hivyo hivyo, akajitia hamnazo, akatafuta sindano ambayo ilikuwa mbele ya macho yake.

Na simu sasa! Simu ziliota mizizi masikioni.

"Hallo, daktari, moyo wangu unadunda vibaya."

"Ulianza lini, mpenzi wangu mgonjwa?"

"Tangu Jumamosi moja, sokoni."

"Unazidi wakati gani?"

"Ukikata simu."

"Huo hauna dawa, roho yangu. Utazeeka nao."

Mambo yalikuwa matamu namna hiyo, na ndipo mwanamume akafanya ujinga. Si uovu, ujinga. Alipigiwa simu na ofisi fulani: tunatafuta waigizaji wa kuwa wagonjwa kwenye mtihani, njoo kwenye mafunzo. Akadhani ni mtihani wa wanafunzi wa chuo. Akaenda, akasaini kiapo cha kutunza siri, akafundishwa ugonjwa wake mpaka namna ya kukohoa. Mwisho kabisa ndipo mkufunzi akataja: huu ni mtihani wa leseni, wa madaktari waliosoma nje. Mgongo akasimama. Akanyoosha kidole, akasema kuna mtahiniwa anamfahamu, anaomba kujitoa. Wakamjibu kwamba maswali ameshayajua. Ajitoe asijitoe, mdomo umefungwa. Watampanga siku ya pili, mtu wake afanye siku ya kwanza, na mpaka hapo asizungumze naye habari za mtihani.

Angeweza kumpigia na kumwambia maneno machache tu: mpenzi, kuna jambo siwezi kulisema, ningoje. Hapana. Alijijua ana mdomo mwepesi, akaogopa kwamba akiisikia tu ile sauti atakohoa kikohozi cha mtihani. Akazima simu. Akahamia kwa kaka yake upande wa pili wa mji. Wanaume wengine, jamani, wakitaka kulinda kitu wanakivunja kwanza.

Dokta Bado alipiga simu, haipatikani. Akapiga kesho yake, haipatikani. Akaenda kwenye duka la magodoro, akamkuta mtu mwingine ndiye anayeanguka.

"Kapata kazi ya maana, kaondoka," mwenye duka akamwambia. "Kwani hakukuaga?"

Nyumbani shangazi alikuwa ameshapata habari, sijui na nani. "Kaingia mitini huyo. Kaona mtihani unakaribia, kapiga hesabu. Nani aoe mwanamke wa bado, bado?"

Dokta Bado aliingia chumbani akafunga mlango, akalia mpaka mto ukalowa. Alimpenda, wacha niseme wazi, alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia, na iliuma. Kisha akanawa uso, akatoka, akaliburuta lile sanamu la kupimia nguo la mama yake mpaka katikati ya chumba.

"Hodi," akaliambia. "Mimi ni daktari wa zamu."

"Mwanangu," mama akasema polepole, "halijibu hilo."

"Hata yeye hajibu, mama. Gonga mkasi."

Siku ya mtihani alivaa gauni jeusi la mikono mirefu na kola nyeupe, mama alilishona mwenyewe, na koti la udaktari juu yake limenyooshwa mpaka linakata. Ukumbi ulikuwa na korido ndefu yenye milango, na kwenye kila mlango bango: UKIMFAHAMU MGONJWA, INUA MKONO KABLA YA KUANZA. Chumba cha kwanza akabisha hodi, akajitambulisha, akaomba ruhusa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu mgonjwa alilia, naye akamngoja amalize kulia. Akatoka anajihisi mwepesi.

Asichojua ni kwamba mwigizaji wa chumba cha nne alikuwa ameugua kwelikweli alfajiri ile, tumbo la kuendesha, na ofisi ikampigia Mgongo kwa simu ya kaka yake aje haraka. Alikataa, akawaambia sababu. Msimamizi akamhakikishia kwamba mtu wake yuko upande mwingine wa jengo. Msimamizi hakuwa amehakikisha chochote.

Kengele ikalia. Dokta Bado akabisha hodi chumba cha nne, akaingia.

Mgongo alikuwa kitandani, kavaa gauni la hospitali, leso mdomoni ina rangi nyekundu. Macho yakagongana. Mwanamke cha kwanza alifurahi kumwona mzima. Cha pili alitamani amnyonge kwa hiyo leso. Cha tatu akaelewa alipo. Mtahini kwenye kona hajui kitu. Akinyamaza, chumba hiki ni mteremko; huyu mtu ameshampima mara ngapi juu ya benchi la mama yake? Akiinua mkono, watauliza maswali, na huu ndio mtihani wa mwisho alionao duniani. Alama zote za vyumba vitatu, miaka yote ya ng'ambo, vyote viko kwenye mkono huo.

Akauinua. Alipotazama, Mgongo naye alikuwa ameshainua wake.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Mnafahamiana vipi?"

"Ni mpenzi wangu," Mgongo akasema.

"Alikuwa," Dokta Bado akasema.

Akaitwa mtahini mkuu. Mama wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia kifuani, sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa na wodi nzima. Akasikiliza, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kwa hiyo mtahiniwa ana mpenzi ndani ya mtihani. Maswali ameyapata. Futeni mtihani wake wote."

Mgongo akaruka kitandani. "Sikumwambia hata neno! Niliwaambia mapema namfahamu, ulizeni ofisini! Nimezima simu tangu nisaini, nimemkimbia mpaka nikahama nyumbani kwangu, leo ndiyo mara ya kwanza ananiona!"

Kumbe. Dokta Bado alilisikia hilo, na likamchoma sehemu mbili kwa pamoja. Lakini huo haukuwa wakati wa mapenzi.

"Naomba niseme," akamwambia mtahini mkuu.

"Utasema nje."

"Nitasema humu humu. Bango ni lenu. Nimelisoma, nimelitii. Ningekuwa mwizi ningeuficha mkono nikachukua alama zenu nikaenda. Sasa mnaniadhibu kwa kuwatii? Kama mnaogopa nina maswali yenu, nipeni ambalo halimo kwenye makaratasi yenu. Mgonjwa yeyote, ugonjwa wowote, sasa hivi. Mimi sitoki chumba hiki bila mgonjwa."

Mtahini wa kona akainamisha kichwa kama anatafuta kitu sakafuni. Yule mama akavua koti lake akalitundika mlangoni. Mgongo akaonyeshwa njia ya nje. Mama akapanda kitandani.

"Mgonjwa ni mimi. Anza."

Dokta Bado akatoka, akafunga mlango, akabisha hodi, akaingia upya. "Shikamoo, mama." Akataja jina lake lote. "Mimi ndiye daktari wa zamu leo."

"Marahaba. Ulisomea wapi?"

"Ng'ambo, mama."

"Basi sikutaki. Nitafutie daktari wa hapa. Ninyi wa ng'ambo hamjui watu, mnajua kushika tu."

Lilimwingia hilo. Lilipita palepale pa zamani, wodini, pa visogo na vicheko, na mikono yake ikaanza kutafuta kazi ya kufanya. Akaishika mmoja kwa mwingine. Akavuta kiti, akakaa, macho yao yakawa sawa.

"Una haki ya kunikataa, mama. Sitakugusa mpaka uniruhusu. Ila niambie tu kilichokuleta, ili nikimwita mwenzangu nimkabidhi mgonjwa ninayemjua."

"Kifua. Kinabana tangu asubuhi."

"Kinabana hapo tu, au kinapanda?"

"Kinakwenda mkono wa kushoto."

"Jasho?"

"La baridi."

"Mama, nitakwambia kweli. Huenda ni moyo, na moyo hausubiri sisi tupatane. Daktari wa hapa namwita sasa hivi. Wakati anakuja, niruhusu nikupime. Nichukie huku nakutibu. Ukipona utapata nguvu za kunichukia vizuri zaidi."

Mdomo wa mtahini mkuu ukacheza upande mmoja, akauwahi. "Haya," akasema. "Pima."

Akampima, akamweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Kengele ikalia. Mama akashuka, akavaa koti lake, hakusema hongera wala pole. "Chumba cha tano," akasema, basi.

Nje ya geti Mgongo alikuwa anamngoja, gauni la hospitali limechomekwa ndani ya suruali, maana walimfukuza kazi kabla hajabadili.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi barabarani umevaa hivyo."

"Nilisaini kiapo, kipenzi. Ningekwambia nini?"

"Ulisaini kutosema maswali. Hukusaini kutosema nakupenda, ningoje. Watu walinicheka! Mama yangu alinitazama nazungumza na sanamu la nguo!"

"Niliogopa nikisikia sauti yako nitatapika siri yote."

"Nami nilifikiri umenikimbia kama wote. Mimi, bwana, nimeangushwa mara mbili kwa kosa la kunyamaza. Wewe unataka nikupitishe?"

Mgongo akasema, "Nipe marudio."

"Utaanzia chumba cha kwanza," akajibu, akaondoka bila kugeuka.

Basi alianzia cha kwanza. Kila siku alipiga simu, na kila siku alisema kila kitu: amekula nini, anaogopa nini, kaka yake kamtukana nini, amerudi kwenye magodoro na soko lote linamzomea. Siku za mwanzo mwanamke alisikiliza tu. Baadaye akaanza kujibu. Siku moja akacheka, na mama kwenye cherehani akasikia, akaendesha mashine kwa nguvu ili asisikike anashukuru Mungu.

Alasiri ya majibu wote walikuwa chumbani: mama kwenye cherehani, shangazi kwenye kiti chenye mto, Mgongo mlangoni na shati jeupe lililopigwa pasi. Simu ya Dokta Bado ikalia juu ya meza. Ujumbe wa baraza. Shangazi akaruka.

"Fungua! Fungua tujue tunalia au tunapika!"

Dokta Bado akaigeuza simu kifudifudi, akaweka kiganja juu yake. Akamtazama Mgongo.

"Una jambo la kuniuliza?"

"Ninalo. Tangu zamani. Lakini soma kwanza."

"Hapana. Ukiniuliza nikiwa nimefaulu, kuna siku nitafikiri ulifuata leseni. Ukiniuliza nikiwa nimeanguka, nitafikiri ni huruma. Sasa hivi mimi si daktari wala si aliyeshindwa. Ni mimi tu. Kama unanitaka, niulize mimi."

"Mwanangu, una wazimu!" shangazi akasema.

"Shangazi, naomba ukae."

Shangazi akakaa. Mgongo akaingia ndani, sauti chini, yeye aliyekuwa anapiga kelele mbele ya soko zima.

"Nakutaka wewe," akasema. "Ukiwa wodini au mapokezini, ukiwa na hasira, hata ukiwa hunisemeshi. Sina cha kuigiza hapa. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," akasema. "Na hutazima simu tena."

"Sitazima."

Ndipo akaigeuza simu. Akasoma. Uso haukubadilika, akasoma tena tangu mwanzo, midomo inatembea. Akampa mama yake. Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole, akaiweka simu juu ya kitambaa, na vigelegele vilivyomtoka vilisikika mpaka barabara ya pili. Shangazi akadakia vya kwake kwa sauti ya juu zaidi, huku anaapa kwamba yeye alijua siku zote.

Dokta Bado akakaa chini, palepale sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti. Alilia kama hajawahi kufundishwa kujikaza. Mgongo akachutama pembeni yake, akaogopa.

"Unalia nini tena, mpenzi? Si umefaulu?"

"Nimechoka kubishana," akasema. "Niacheni nilie leo. Jumatatu naingia wodini."